Utajeni Huo Mzunguko

Kuna sentensi moja inayojua kumaliza mazungumzo. Mvua za masika zikizidi, zikipungua au zikichelewa, hutokea mtu barazani akajiegemeza ukutani na kusema: "Hali ya hewa imekuwa ikibadilika tangu dunia iumbwe. Ni mzunguko tu wa asili." Vichwa vinatikiswa, mada inahamia kwenye mpira. Sentensi hiyo husemwa na mhandisi mwenye shahada, na mhubiri, na mfanyabiashara wa nafaka, na siku hizi inasikika hata redioni kwa sauti ya mtu aliyetambulishwa kama mtaalamu. Imekuwa hekima ya kila mtu, na hekima ya kila mtu huwa haiulizwi maswali.

Mimi nataka kuiuliza. Lakini kubishana na hoja ambayo hujaisikiliza ni uvivu, kwa hiyo niiweke kwanza mezani ikiwa imevaa nguo zake nzuri.

Wanasema hivi. Kati ya miaka 11,000 na 5,000 iliyopita Sahara ilikuwa na nyasi, maziwa na viboko, na Ziwa Turkana lilijaa hadi likafurika kuelekea Nile. Hapakuwa na gari hata moja. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja meli za Sultani Barghash. Hapakuwa na jenereta. Miaka ya mwisho ya karne ya 19 Wamaasai walikumbwa na Emutai, yaani sotoka, ndui na ukame kwa mpigo. Mwaka 1961 mvua ilinyesha mpaka Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita 2 ndani ya miaka michache. Mwaka 1997 ikaja Elinino. Barafu ya Kibo ilianza kupungua kabla Tanganyika haijawa na barabara ya lami, na yule mtaalamu aliyetabiri kwamba ingekwisha kati ya 2015 na 2020 amekosea: panda leo, utaikuta. Juu ya hayo yote kuna shaka ya kisiasa, na hii ndiyo inayoipa hoja misuli. Mzungu alijenga miji yake kwa makaa ya mawe, na sisi tulipopata gesi Mtwara na mafuta Hoima, ghafla akaota utakatifu.

Hiyo ndiyo hoja. Karibu kila tukio lililotajwa humo ni la kweli. Kilichooza ni hitimisho.

1. Zamani si utetezi

Watu wamekuwa wakifa tangu enzi za Adamu, wengi wao kwa maradhi na uzee. Sijasikia hakimu aliyemwachia mtuhumiwa wa mauaji kwa sababu hiyo. Kwamba jambo liliwahi kutokea bila mkono wa mtu hakusemi lolote kuhusu aliyelifanya safari hii. Inabidi uchunguze mwili.

Na miili ya zamani imechunguzwa. Hapo ndipo watu wa mzunguko wanaponishangaza: wanaitaja Sahara ya kijani kana kwamba ilijiotea tu, kama uyoga. Ilikuwa na sababu. Mhimili wa dunia huyumba taratibu, na miaka hiyo kuyumba kwake kuliifanya nusu ya kaskazini ipate jua kali zaidi wakati wa kiangazi chake, upepo wa mvua ukavutwa ndani kabisa ya bara. Mserbia Milutin Milanković alizipigia hesabu kalenda hizo karne iliyopita: umbo la mzingo wa dunia hubadilika kwa takriban miaka 100,000, mlalo wa mhimili kwa miaka 41,000, na kuyumba kwake kwa miaka 23,000 hivi. Hiyo ni mizunguko ya kweli. Ina majina, ina muda, ina mitambo inayoiendesha, na inaweza kuhesabiwa mbele na nyuma.

Basi ihesabuni. Kwa kalenda hiyo, dunia ilipaswa kuwa inapoa polepole kwa maelfu ya miaka, na kweli ilikuwa inapoa, mpaka karne ya 19. Kisha ikageuka. Kutoka kwenye baridi kuu ya enzi ya barafu mpaka hali tuliyoizoea, joto la wastani la dunia lilipanda kwa nyuzi kama 5 hadi 7, na safari hiyo ilichukua maelfu ya miaka. Sisi tumepanda zaidi ya nyuzi 1 tangu viwanda vianze, sehemu kubwa yake ndani ya umri wa mtu aliyezaliwa baada ya Azimio la Arusha. Mzunguko wa miaka 23,000 haukimbii hivyo.

Anayesema "ni mzunguko" anadaiwa vitu vitatu: jina la mzunguko, urefu wake, na nguvu inayousukuma. Nimesikiliza sana. Sijapewa hata kimoja. Ninachopewa ni ishara ya mkono inayochora duara hewani.

2. Washukiwa wengine na ushahidi wao

Mwenye bidii kidogo hutaja jua. Ni mshukiwa wa haki. Ndilo linalotupa joto. Ila jua linapimwa kwa setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Lina mpigo wake wa miaka 11 hivi, kupanda na kushuka kidogo, lakini katika miongo yote hiyo halikuongeza nguvu, huku joto la dunia likipanda. Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi kwa sababu hauna njia ya kuukwepa. Kama jua ndilo lingekuwa limezidisha moto, tabaka zote za hewa zingepata joto, za juu na za chini. Vipimo vinaonyesha chini kunapata joto na tabaka la juu, stratosfia, linapoa. Hivyo ndivyo inavyokuwa pale hewa ukaa inapozuia joto lisitoke. Syukuro Manabe na mwenzake Richard Wetherald walilionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1967, kabla halijapimwa. Manabe alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021. Mzunguko usio na jina umetabiri nini mpaka sasa?

Volkano: zote duniani kwa jumla, Ol Doinyo Lengai yetu ikiwemo, hutoa kwa mwaka chini ya asilimia 1 ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu. Mlipuko mkubwa kama wa Pinatubo mwaka 1991 uliipoza dunia kwa takriban nusu nyuzi kwa muda mfupi. Mshukiwa huyu tumwache aende.

Anabaki bahari, na hapa hoja yao ina akili. Barafu ya kale inaonyesha kwamba zamani joto la Antaktika lilianza kupanda kwanza na hewa ukaa ikafuata, kwa sababu bahari iliyopata joto hupumua hewa hiyo nje. Kwa nini isiwe hivyo sasa? Kwa sababu safari hii bahari haitoi, inameza. Inachukua karibu robo ya hewa ukaa tunayotoa, na maji yake yanazidi kuwa na asidi. Huwezi kumshtaki kwa kutapika mtu ambaye bado anakula. Isitoshe, kaboni ina alama zake. Makaa ya mawe na mafuta yamekaa ardhini mamilioni ya miaka, hayana tena ile kaboni ya mnunurisho inayopatikana kwenye viumbe hai, na tangu miaka ya 1950 Hans Suess aliona hewa ikizimuliwa na kaboni ya namna hiyo. Hewa iliyonaswa kwenye barafu ya miaka 800,000 haijawahi kuzidi sana molekuli 300 za hewa ukaa katika kila milioni. Kabla ya viwanda zilikuwa 280. Charles Keeling alipoanza kupima Mauna Loa mwaka 1958 zilikuwa 315 hivi. Leo zimepita 420.

Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilipiga hesabu mwaka 2021: katika takriban nyuzi 1.1 za ongezeko, mchango wa binadamu ni nyuzi 1.07. Jua na volkano, kwa pamoja, wamebakiziwa kitu kinachoelea karibu na sifuri. Mtu akitaka kuuita huo mzunguko wa asili, basi asili imejifunza kuchimba makaa.

3. Kibo, au namna ya kushinda kesi isiyo yako

Kuhusu Kilimanjaro nitawapa wanachostahili, na si kidogo. Hans Meyer alifika kileleni mwaka 1889 na kuona barafu nyingi. Mwaka 1912 eneo lake lilikuwa kama kilomita za mraba 12. Leo halifiki 2. Lakini kupungua huko kulianza mwishoni mwa karne ya 19, wakati hali ya hewa ya eneo hili ilipokauka ghafla na Ziwa Victoria nalo likashuka. Kule juu baridi ni kali kiasi kwamba barafu nyingi haiyeyuki kuwa maji. Inageuka mvuke moja kwa moja chini ya jua kavu. Filamu ya Al Gore ya mwaka 2006 iliionyesha Kibo kama ushahidi ulionyooka, na jaji wa Uingereza mwaka uliofuata aliitaja sehemu hiyo miongoni mwa makosa tisa ya filamu. Lonnie Thompson, ambaye kazi yake juu ya barafu ya mlima ule ni ya heshima, alitaja miaka 2015 hadi 2020, na miaka imepita.

Sasa tuulize: nani aliyesahihisha habari ya Kibo? Si baraza la watu wa mzunguko. Ni wanasayansi wa barafu, akina Georg Kaser, Thomas Mölg na Douglas Hardy, waliopanda wakapima mvuke, upepo na theluji. Kaser huyo huyo ni miongoni mwa waandishi wakuu wa ripoti za IPCC. Kwa hiyo mtu anatuambia tusiwaamini wanasayansi wa tabianchi, na ushahidi wake ni kwamba wanasayansi wa tabianchi wanasahihishana vizuri sana.

Na hata ukiishinda kesi ya Kibo, umeshinda mlima mmoja. Hakuna aliyeitundika fizikia ya hewa ukaa, iliyoanza kujaribiwa na Eunice Foote mwaka 1856 na John Tyndall mwaka 1859, kwenye kilele cha Uhuru. Waliofanya hivyo ni watengeneza mabango. Barafu ya Mlima Kenya na ya Rwenzori nazo zinakwisha, na huko hakuna filamu ya kulaumu.

4. Mvua si joto

Kosa linalowapoteza wengi, wakiwemo watu waungwana, ni kuzipima hoja za joto kwa mvua. Mvua yetu ina vurugu zake za asili, kubwa kweli. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakiwa moto kuliko upande wa Indonesia, vuli inafurika: ilikuwa hivyo 1961, 1997 na 2019. Hali ikipinduka, au La Niña ikitawala Pasifiki, tunakauka. Hakuna mwanasayansi anayekana hayo. Wao ndio waliotufundisha.

Swali ni vurugu hizo sasa zinapanda juu ya nini. Zinapanda juu ya bahari yenye joto zaidi, kwani zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada la dunia limeingia baharini, na Bahari ya Hindi ya magharibi ni miongoni mwa sehemu za tropiki zilizopata joto kwa kasi. Hewa ikiongezeka nyuzi 1 hubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Ukame wa Pembe ya Afrika wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha, ulianzia kwenye La Niña, ambayo ni ya asili kabisa. Lakini kikundi cha World Weather Attribution kilipouchunguza mwaka 2023 kilikuta kwamba ukame wa mashamba wa kiwango hicho umewezekana zaidi kwa angalau mara 100 kwa sababu ya binadamu, hasa kwa kuwa joto lilinyonya unyevu wa ardhi. La Niña ilizuia mvua. Joto likala kilichobaki.

Kikundi hicho hicho kilichunguza njaa ya kusini mwa Madagaska mwaka 2021, wakati mashirika ya kimataifa yakiiita njaa ya tabianchi, kikasema: hapana, hapa umaskini na mabadiliko ya kawaida ya mvua ndiyo makubwa, mchango wa binadamu kupitia tabianchi ni mdogo. Ninaitaja kesi hii makusudi. Njama gani hiyo inayojitolea ushahidi wa kujipinga?

Nikiri pia, kwa kuwa wao hawataki kulisema vizuri: programu za kompyuta za tabianchi zimekuwa dhaifu kwenye masika yetu. Zilionyesha mvua ikiongezeka huku mashambani ikipungua kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1980. Hapo pana ubishi halali wa kitaalamu. Ubishi wa kama dunia inapata joto, na kwa nini, uko chumba kingine, na chumba hicho kimeshafungwa.

5. "Itarudi tu"

Fikra ya mzunguko ina ahadi ndani yake, na ahadi hiyo ndiyo yenye gharama. Kinachozunguka hurudi. Basi ngoja.

Mkulima wa kahawa wa Kibosho au Machame angojee nini? Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu arabika ya Tanzania ulikuta kwamba kila nyuzi 1 inayoongezeka kwenye joto la usiku inaondoa kilo 137 za mavuno kwa hekta. Usiku, angalieni, na kama jua ndilo lingekuwa linatuchoma, mchana ndio ungetangulia kupata joto, lakini duniani kwa jumla ni usiku uliopata joto haraka zaidi. Mkulima huyo hawezi kuhamia juu ambako kuna baridi, kwa sababu juu kuna msitu wa hifadhi. Anaweza kubadili aina ya mbuni, kuongeza kivuli, au kung'oa na kupanda kitu kingine. Kila chaguo linakula miaka, maana mbuni hauzai mwaka wa kwanza. Umwambie "ni mzunguko, itarudi" na umemfanyia uamuzi, bila kuingia naye hasara.

Hivyo hivyo kwa makalavati. Kalavati hupimwa kwa mvua za zamani, na ukiamini zamani itajirudia, utajenga kwa kipimo cha zamani. Likizolewa, utasema Mungu amependa.

Hapa lazima nigeuke kidogo, maana upande wa pili una wajanja wake. Yupo kiongozi anayeruhusu nyumba kwenye bonde la mto, hazibui mtaro hata mmoja, na maji yakiingia sebuleni anatangaza "mabadiliko ya tabianchi" kama mtu aliyeonyesha cheti cha daktari. Huyo na mtu wa mzunguko ni ndugu. Mmoja analaumu asili, mwingine analaumu Ulaya, na mtaro umeziba vilevile. Kusema kweli kuhusu hewa ukaa hakumpi yeyote ruhusa ya kutosafisha mfereji.

6. Wakili wa bure

Nirudi kwenye ile shaka ya kisiasa, kwa sababu ndiyo sehemu yao ninayoiheshimu zaidi, na ndiyo iliyogeuzwa vibaya zaidi. Wanaamini kwamba kukana mkono wa binadamu ni kumgomea Mzungu. Tuangalie basi waliowaandikia maneno.

Mwaka 1977 mwanasayansi wa Exxon, James Black, aliwaeleza wakuu wa kampuni hiyo kwamba kuchoma mafuta kunaelekea kuibadili hali ya hewa ya dunia. Makadirio ya joto yaliyofanywa na wanasayansi wa kampuni hiyo miaka iliyofuata yamechunguzwa upya, na utafiti wa mwaka 2023 ulikuta mengi yalikuwa sahihi. Global Climate Coalition, umoja wa makampuni ya mafuta, makaa na magari ulioanza 1989, ulitumia miaka yake ukieneza mashaka hadharani. Waraka wa wataalamu wake wenyewe wa mwaka 1995 ulikiri kwamba msingi wa kisayansi hauwezi kukanwa, na kwamba nadharia za kupinga hazishawishi. Walijua ofisini na wakatilia shaka magazetini. Anayesimama Kariakoo au Kisumu akisema "ni mzunguko wa asili" akidhani anampinga tajiri wa Magharibi, anasoma hotuba ya tajiri huyo, tena bila posho.

Namheshimu zaidi anayesema waziwazi: tutauza mafuta yetu, bomba la Hoima hadi Tanga tutalipitisha, kwa sababu ninyi mlichoma yenu karne mbili na sisi bado tunapika kwa kuni. Hiyo ni hoja ya haki, naweza kubishana nayo au kukubaliana nayo, na ina uzito kwa sababu tu inakubali kwamba kuchoma kuna madhara. Ukisema hakuna madhara, deni la waliochoma kabla yako umelifuta kwa mkono wako.

Na deni hilo si la kinadharia tena. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia. Mwaka 2022 huko Sharm el-Sheikh nchi maskini zilipata, baada ya miaka ya kukataliwa, makubaliano ya mfuko wa hasara na uharibifu. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yaliyoombwa kwa juhudi za taifa la visiwa la Vanuatu, ilisema mataifa yana wajibu kisheria wa kulinda mfumo wa tabianchi, na kwamba anayeuvunja anaweza kudaiwa fidia, mradi uhusiano wa sababu kati ya kosa na madhara uthibitishwe.

Uhusiano wa sababu. Hapo ndipo kesi zijazo zitakapopiganiwa, na wakili wa mdaiwa atakuwa analipwa kwa saa. Atataka shahidi wa kusema kwamba mafuriko yetu, ukame wetu na kahawa yetu havina uhusiano na bomba la moshi la mteja wake. Hatahitaji kumtafuta mbali wala kumlipa nauli. Ataomba tu rekodi za redio zetu, na ikibidi, kumbukumbu za mikutano ya hadhara, mahali ambapo mheshimiwa alisimama juu ya tope akawaambia waliofiwa kwamba haya yalikuwepo tangu enzi za mababu.